Ya Kale kwa Mkato wa Leo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kupamba Nyumba Lamu

Haya ni maswali kuhusu mtindo wa ya kale kwa mkato wa leo ninayoulizwa zaidi na wenye nyumba wa Mkomani, Langoni na Shela, pamoja na jamaa walio Mombasa na Nairobi waliorithi nyumba za wazee wao na hawajui waanzie wapi. Penye hatari ya kuharibu kitu kisichorudi nimejibu kwa urefu. Palipo wazi nimepita haraka.

Mtindo wenyewe ni upi?

Ni upambaji unaokutanisha samani za zamani zenye umbo la heshima na ushonaji wa leo uliopimwa vizuri, wenye mistari iliyonyooka. Kitanda cha bibi chenye matendegu (miguu) ya kuchonga kinabaki kilivyo, ila godoro lake linashonewa kava mpya yenye pembe kali na paipini, ule ukanda mwembamba wa kitambaa, kwenye ukingo. Kiti cha zamani kinapata mto uliokatwa sawasawa na kikalio chake, usiozidi wala kupungua. Pazia linashuka kwa marinda yaliyopigwa pasi, bila vishada na bila lesi za kumeremeta. Ukuta unabaki mweupe, na nafasi tupu zinaachwa ziwe tupu.

Kanuni yake ni moja: kipya ndicho kinachokatwa kukifuata cha kale. Fundi cherehani mzuri hupima mwili kisha akakata kitambaa, na chumba chako kifanyiwe vivyo hivyo. Mtu akipiga msumeno tendegu la mvule lililokaa miaka mia ili kitanda kilingane na godoro la dukani, ametoka kabisa nje ya mtindo huu, hata picha zake zikipendeza namna gani.

Ulianzia wapi? Si mambo ya Wazungu haya?

Kule ng'ambo nako kumekuwa na mwamko wa namna hii. Mwaka 2019 jarida la Marekani la House Beautiful lilichapisha makala ya Emma Bazilian iliyoupa mtindo jirani jina la grandmillennial: vijana wanaopenda vitambaa vya maua, sofa zenye sketi na vivuli vya taa vyenye marinda, vitu walivyoviona kwa bibi zao. Baadaye wapambaji wengi wakaanza kupunguza mapambo hayo na kutilia mkazo mkato na mshono, ndipo tukafika hapa tulipo.

Lakini fuata uzi nyuma kidogo. Vile vitambaa vya maua vilivyopendwa Ulaya vilitoka India. Vilipendwa mno hata Ufaransa ikavipiga marufuku mwaka 1686, na Uingereza ikatunga sheria za kuvizuia mwaka 1701 na 1721, ili wafumaji wao wasikose soko. Pwani yetu ilikuwa ikifanya biashara ya pamba ya India kabla ya hapo: Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 aliwakuta wafanyabiashara wa Kigujarati. Kwa hiyo kuweka kitambaa kizuri cha kutoka mbali juu ya samani ya hapa ni desturi ya watu wa pwani. Sioni kwa nini tuione ni ya kuazima.

Unatofautianaje na ule "mtindo wa Kiswahili" wa hoteli?

Hoteli nyingi hujaza. Utaona taa za shaba kila kona, mito ishirini kitandani, jahazi dogo la mbao juu ya kila meza, na vitu vingi vilivyotengenezwa mwaka jana vikapakwa rangi vionekane vya zamani. Mgeni wa siku tatu hufurahi, lakini mwenye nyumba atachoka kupangusa vumbi.

Huku kwetu chumba kinaweza kuwa na kitu kimoja tu cha kale, na kikatosha. Ukiwa na kiti kimoja cha bibi yako, ukuta mweupe, mkeka mzuri na pazia lililoshonwa kwa makini, umeshafika. Kitu cha kuigiza ukale hakina nafasi. Meza mpya iwe mpya waziwazi, yenye umbo rahisi, imalizwe vizuri na fundi seremala anayejulikana mtaani.

Nina chumba kimoja tu cha kuanzia. Nifanye nini kwanza?

Pima. Chukua utepe, daftari na penseli, andika urefu, upana na kimo, kisha pima kila kidaka (kishubaka cha ukutani), kila mlango na kila kitu cha zamani ulicho nacho. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba, kwa kawaida upana haufiki mita tatu, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko na boriti ina urefu wake. Samani za maduka ya Nairobi zimetengenezwa kwa vyumba vya mraba. Ukiziingiza hapa, hupati pa kupita.

Baada ya kupima, toa kila kitu nje. Rudisha kile cha kale unachokipenda zaidi, kiweke mahali ambapo macho ya anayeingia yatakifikia kwanza, halafu kaa nacho wiki moja kabla ya kununua chochote. Watu huiruka hatua hii, nami huisisitiza kuliko zote, maana baada ya wiki utajua chumba kinahitaji nini na utakuta ni kidogo kuliko ulivyodhani.

Nimerithi kitanda cha kamba. Kamba zimekatika na mbao zimechakaa. Kinafaa bado?

Kinafaa, na pengine ndicho kitu bora ulicho nacho nyumbani. Kikague kipande kwa kipande: matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni, vitakizo viwili vya kichwani na miguuni. Gonga kila kipande kwa kifundo cha kidole. Sauti nzito ni ya mbao nzima. Sauti ya uwazi, au unga mwembamba unaomwagika kutoka vitundu vidogo, ni dalili ya mdudu, na hapo kiweke kitanda mbali na mbao nyingine mpaka kitibiwe.

Kamba zisikusumbue. Wapo bado wanaojua kuwamba kitanda kwa kamba za usumba au za ukindu, na kazi hiyo ni ya siku chache. Mwombe aviache vifundo upande wa chini na avute kwa mpangilio, kwa sababu kitanda kilichowambwa vibaya hulegea katikati na mgongo wako utajua. Juu ya kamba weka godoro jembamba, la usufi au la makumbi likipatikana, kwa sababu hupumua. Sponji nayo inakubalika, mradi uianike mara kwa mara.

Sasa mshono. Kava ya godoro ishonwe kwa vipande sita: juu, chini na pande nne. Hiyo ndiyo inayoleta pembe zilizosimama. Kava ya mfuko wa vipande viwili hujivuta pembeni na kukifanya kitanda kizima kionekane cha dharura. Tumia kitambaa cha marekani nzito au turubai jepesi la rangi ya maziwa, na paipini ya rangi moja ya kukoza: buluu ya nili, nyekundu ya tofali, au nyeusi. Upande wa nyuma uachwe wazi kwa vifungo vilivyofunikwa kitambaa. Sketi ya kuficha miguu usishone. Matendegu yamechongwa ili yaonekane.

Kwa upande wa mbao, safisha kwa kitambaa chenye maji kidogo, kausha kivulini, kisha paka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, safu nyembamba kabisa, na ufute yaliyobaki juu. Matambara uliyopakia yaanike nje yakiwa yametandazwa, usiyakunje wala kuyarundika, kwa kuwa mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto na matambara yaliyorundikwa yanaweza kushika moto yenyewe. Mafuta ya nazi usipake, huchacha. Na sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa majahazi, yaache ufukweni: mbao itayapenda, pua yako haitayapenda.

Na samadari?

Samadari ni kitanda chenye mapambo mengi chenyewe, ya kuchonga au ya rangi, kwa hiyo kila kitakachowekwa juu yake kiwe cha rangi moja. Shuka nyeupe, mito miwili, basi. Rangi ya zamani usiikwangue, hata ikiwa imebanduka nusu.

Kiti cha enzi kinaendaje na mito ya kisasa?

Kiti cha enzi hakihitaji mto. Kikalio chake na mgongo wake vimesukwa kwa uzi, na fremu nyeusi ya mpingo imetiwa vipande vyeupe vya pembe au mfupa. Kiliundwa kwa ajili ya kumkalisha mgeni wa heshima akiwa amenyooka. Kikifunikwa, kazi yote hiyo imepotea. Kiweke peke yake karibu na ukuta mtupu, mbali na dirisha linaloingiza upepo wa chumvi, na usiruhusu watoto wakipande kwa sababu uzi wa kale hukatika bila taarifa.

Ukiagiza kipya, agiza cha mfupa wa ng'ombe au wa ngamia. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoupigania. Fundi akikunong'oneza kwamba anaweza kukupatia pembe, ondoka kwake.

Nimeuziwa mlango wa kale wa kuchonga. Naweza kuufanya meza ya sebuleni?

Hapana. Naomba sana, usifanye hivyo.

Sababu ya kwanza ni sheria. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006 inautambua mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 kuwa kitu kinacholindwa. Vitu vingine vinavyohamishika vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895 navyo vinahesabiwa kuwa vya kale kisheria. Kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa, na hata kabla ya kuuondoa mlango kwenye ukuta wake unapaswa kwenda kuzungumza na watu wa Makumbusho ya Taifa, ambao wana ofisi hapa hapa Lamu. Mji wa Kale uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na milango ni sehemu kubwa ya kilichowafanya watu wautambue.

Sababu ya pili ni ya mtindo wenyewe. Mlango una miimo, kizingiti, mfaa katikati na mbao mbili, na vyote vilichongwa vionwe vikiwa vimesimama, mwanga ukiteremka juu ya michoro. Ukiulaza na kuufunika kioo, michoro inakuwa mitaro ya makombo ya mkate. Kama unao na huna pa kuutundika, usimamishe ukutani ndani ya nyumba, mbali na unyevu wa sakafu, juu ya vipande viwili vya mbao. Kama unataka meza, mpe kazi fundi mchongaji. Mafundi wa kuchonga bado wapo Lamu, vijana wanajifunza, na mlango mpya au meza mpya iliyochongwa na mikono yao inaingia kwenye mtindo huu bila kumvua mtu urithi.

Nikate leso na vikoi vipi bila kuviharibu?

Fua kwanza. Pamba hupungua, na rangi ya leso hutoka. Loweka kila rangi peke yake katika maji baridi, badilisha maji mpaka yabaki meupe, anika kivulini, piga pasi, ndipo ushike mkasi. Ukishona kabla ya kufua, mto utaukunja uso wake siku ya kwanza utakapofuliwa.

Leso ina pindo, mji na jina. Vipande hivi vitatu vitendee tofauti. Mji ndio uso wa mto: tafuta ua au umbo lililo katikati, likunje mara nne kupata kitovu chake, kisha pima kutoka hapo kwenda nje. Kwa mto wa inchi 16, leso moja hutoa nyuso mbili bila kubana, na nyuma yake weka marekani. Pindo likate kwa urefu ulishone kama ukingo wa pazia jeupe, au chini ya shuka. Jina, ule ujumbe, usikatwe katikati ya neno. Ama ulibakize zima kwenye kitu kirefu, kama mto wa kuegemea barazani, ama uliweke akiba. Nimeona mito iliyobeba nusu ya methali, na kila mgeni anayejua kusoma anabaki kukisia iliyobaki. Leso ya mama aliyefariki usiikate kabisa. Ikunje vizuri, itundike juu ya kijiti cha mbao ukutani, na hilo ni pambo tosha.

Kikoi ni rahisi zaidi kwa sababu kina mistari. Tatizo lake ni hilo hilo: mistari isipokutana kwenye mshono, kila mtu ataona. Mwambie fundi aipange mistari ya uso na ya pembeni ikutane kabla ya kushona, na umlipe muda wake. Ukanda wa paipini ukatwe mshazari, kwa pembe ya digrii 45, kwa sababu kitambaa kilichokatwa hivyo hunyumbuka na kupinda pembeni bila kufanya makunyanzi. Kata za namna hii hula kitambaa kingi, kwa hiyo nunua kikoi kimoja cha ziada.

Jambo moja dogo linaloleta tofauti kubwa: kava ya mto iwe ndogo kuliko mto wenyewe kwa inchi moja hivi. Mto utajaa na pembe zitasimama.

Nitumie fundi wa makochi au fundi wa nguo?

Kwa makochi yenye springi na fremu, fundi wa makochi. Kwa mengine yote, mimi ningempelekea fundi wa kanzu. Mtu aliyezoea kushona kanzu anajua mshono ulionyooka kutoka bega hadi kifundoni, anajua kugeuza shingo bila kuvimba, na mkono wake umezoea kitambaa cheupe kisichoficha kosa. Hivyo ndivyo vitu ambavyo mto wa paipini na pazia la marinda vinahitaji.

Tena Lamu ina hazina nyingine: watu wanaoshona kofia kwa mkono, zile zenye vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi. Agiza kipande kimoja cha kazi hiyo, cheupe juu ya cheupe, kiwe uso wa mto mmoja sebuleni. Kofia nzuri huchukua wiki kadhaa, na mto utachukua muda pia, kwa hiyo bei yake haitakuwa ya chini. Lipa. Kipande kimoja cha namna hiyo kina thamani kuliko zulia la dukani.

Usipeleke kazi mwezi mmoja kabla ya Idi au Maulidi. Mafundi wanakuwa wamezama kwenye kanzu na mabuibui, na mito yako itashonwa usiku wa manane kwa haraka.

Vitambaa gani vinavumilia hewa ya Lamu?

Pamba nzito, kitani, turubai jepesi. Mahameli hupendeza kwenye picha za nchi za baridi. Hapa mahameli ya plastiki hukufanya utoke jasho mgongoni, na ya pamba hushika unyevu na ukungu wakati wa masika. Ukiipenda sana, itie kwenye mto mmoja mdogo.

Hatari kubwa iko kwenye vitu usivyoviona. Zipu ya chuma hushika kutu na kuchora mstari wa kahawia kwenye kitambaa cheupe, basi tumia ya plastiki au vifungo. Pini za kubania kitambaa kwenye fremu ziwe za chuma kisichoshika kutu, au misumari midogo ya shaba. Mapazia yote yatiwe bitana nyeupe upande wa jua, maana rangi ya leso hufifia upesi ikipigwa na jua la asubuhi kila siku.

Kuta nizipake rangi gani?

Kama nyumba ni ya mawe ya matumbawe, chokaa. Ukuta wa matumbawe una chumvi ndani yake na huvuta unyevu kutoka ardhini. Chokaa huuacha utoke. Saruji na rangi za plastiki huuziba, halafu baada ya misimu michache rangi inavimba na kubanduka vipande vipande, na plasta ya kale inaanguka nayo. Ukikuta ukuta wa chini umepigwa saruji miaka ya nyuma na unamomonyoka, mtafute fundi wa chokaa aiondoe taratibu kabla hujafikiria pazia wala mto.

Chokaa ipakwe nyembamba, safu tatu au nne, juu ya ukuta uliolowanishwa, na kila safu ikauke kabla ya inayofuata. Vaa glavu na ulinde macho, kwani chokaa mbichi huunguza. Ukitaka rangi, changanya udongo wa manjano kidogo sana. Mimi ningebaki na nyeupe. Mbao nyeusi na mshono mkali havijawahi kupata jirani bora.

Nyumba ya matofali ya saruji ni suala jingine, huko rangi ya kawaida isiyong'aa inatosha.

Zidaka niweke nini?

Vichache. Zidaka za ndani zilitengenezwa kuonyesha sahani na bakuli za kauri zilizokuja kwa bahari, zikiwemo za China, na plasta yake ilichongwa kwa mkono. Ukivijaza vyote, unaficha michoro. Jaza kidaka kimoja kati ya vitatu: bakuli hapa, msahafu juu ya marufaa pale, kandili ya zamani kule. Vitabu vyenye majalada ya rangi nyingi viweke chumba kingine.

Usigongomee msumari, usibandike rafu, usipitishe waya wa taa ndani yake. Na bakuli la kale usiligandishe kwa gundi wala saruji. Kama nyumba yako ina birika la kale (tangi la maji la kujengwa) chooni, kagua chini yake pia: wazee waliweka sahani ya kauri kwenye sakafu ya birika, iwe kikao cha samaki wadogo waliokula viluwiluwi vya mbu. Ukiikuta, iache ilipo, hata kama utatia mfereji wa kisasa juu.

Sofa kubwa itafikaje nyumbani kwangu?

Ifikirie safari yote kabla ya kulipa. Mzigo unafika Mokowe, upande wa bara, kwa lori, unashushwa, unapanda mashua, unateremshwa gatini, kisha unaingia vichochoroni kwa mkokoteni, kwa punda au mabegani. Vichochoro vingine watu wawili hupishana kwa kugeuka ubavu. Halafu kuna mlango, daka (ukumbi wa kuingilia) lenye kona, na ngazi nyembamba yenye vidato virefu. Sofa ya watu watatu iliyokwama kwenye kona ya ngazi itakwangua plasta ya miaka mia mbili.

Suluhisho langu ni kuunda ndani. Seremala aje na mbao zilizokatwa, aziunganishe chumbani kwa hesi ili siku moja zifunguke. Umbo liwe refu na jembamba, kina kisichozidi inchi 28, mgongo mfupi, kwa kufuata baraza. Mito ya sponji ya inchi nne, yenye vipande sita na paipini, inaletwa kando. Kipande hiki kimoja, kikishonwa vizuri, ndicho kinachokiunganisha chumba: umbo la baraza la kale, mkato wa leo.

Mapazia nitayaweka wapi? Chumba changu cha ndani hakina dirisha.

Milangoni na kati ya misana, vile vyumba virefu vinavyofuatana kuanzia uani. Katika nyumba za mawe za kale misana ilitengwa kwa vitambaa vilivyotundikwa, kwa hiyo unarudisha kilichokuwapo. Upana wa kitambaa uwe mara mbili ya upana wa nafasi, ili marinda yajae hata pazia likifungwa. Lisiburure chini, liache sentimita moja hivi juu ya sakafu. Fimbo iwe ya mbao au shaba, ikae juu ya ndoano chache zilizotiwa mahali pasipo na mchoro wa plasta.

Zulia?

Mkeka. Matondoni na Kipungani kuna wafumaji wazuri, na ukiwapa vipimo watakushonea ukili mpaka ufike upana wa chumba chako. Omba ukingo wake ufungwe kwa utepe wa turubai la rangi ile ile ya paipini ya mito. Huo ukingo wa kitambaa ndio mkato wa leo juu ya kazi ya kale, na pia huzuia miaa isifumuke. Zulia zito la sufi hapa hukusanya mchanga na unyevu.

Taa na feni je?

Balbu za mwanga wa joto, zenye alama ya 2700K. Mwanga mweupe wa bluu huifanya chokaa ionekane ya hospitali na mbao nyeusi ionekane imekufa. Taa za kusimama na za mezani ni bora kuliko za darini, kwa sababu boriti hazipendi kutobolewa ovyo. Kivuli cha taa kishonwe kwa marekani yenye marinda madogo, kazi ambayo fundi wa nguo anaimaliza kwa mchana mmoja. Feni usiione haya. Chagua nyeusi isiyo na mapambo, na uweke waya wake ukutani wazi, umenyooka, ndani ya bomba jembamba lililopakwa rangi ya ukuta. Kuchimba mfereji kwenye plasta ya kale ili kuficha waya ni hasara isiyofidiwa.

Nimepanga nyumba Langoni, si ya mawe, na sina kitu cha kale hata kimoja.

Hutakosa. Uliza kwenu kwanza: sinia la shaba, kinu, mbuzi ya kukunia nazi iliyochongwa, sanduku la mbao lenye misumari ya shaba, hata kofia ya babu. Kimoja kati ya hivyo, kikisafishwa na kupewa ukuta wake, kinatosha kuwa kiini cha chumba. Fedha zote zilizobaki zipeleke kwenye mshono: pazia moja zuri, mito miwili mizuri. Hivyo utahama navyo.

Nikiwa na fedha kidogo, nizitumie kwenye kitambaa au kwenye fundi?

Kwenye fundi. Marekani ya bei nafuu iliyoshonwa na mkono stadi itaonekana ya kifahari, na kitani cha gharama kilichoshonwa kombo kitabaki kombo. Ulipe malipo ya awali, mpe vipimo kwa maandishi, na umwombe ashone mto mmoja wa mfano kabla ya kukata vyote.

Nikishamaliza, nitunze vipi?

Mito na magodoro yaanikwe kila wiki mbili, kivulini penye upepo, na wakati wa masika kila siku jua linapotoka. Kava zifuliwe kwa maji matamu. Maji ya kisima chenye chumvi huacha chumvi kwenye nyuzi, na chumvi huvuta unyevu, kwa hiyo kitambaa hakikauki kabisa. Kama ni lazima kutumia ya kisima, suuza mara ya mwisho kwa maji matamu. Piga pasi paipini kwa upande wa ndani. Mbao zipanguswe kwa kitambaa kikavu, na mafuta ya kitani mara moja kwa mwaka, msimu wa kaskazi hewa ikiwa kavu.

Weka kwenye bahasha kipande kidogo cha kila kitambaa ulichotumia, utepe wa paipini, vifungo viwili vya akiba na karatasi ya vipimo vya kila kava. Kava zitachakaa kabla ya kitanda, na fundi atakayeshona nyingine atahitaji kujua hasa kilichokuwapo.